Kupima kichocheo ndani ya kimiminika kwa infraredi: dalili, visababishi na mahali pa kusimama

Wanaoanza kupima vichocheo kwa mbinu ya ATR (mwali wa infraredi unaoakisiwa ndani ya fuwele inayogusa sampuli) huja na swali lilelile: mmenyuko umeanza, kilele kipya kimetokea kwenye spektra (mchoro wa mwanga uliofyonzwa), je, ni kitu gani? Mara nyingi si kitu kilicho juu ya uso wa kichocheo. Ni mvuke wa chumbani, au kiputo, au maji yaliyoingia mahali tabaka la kichocheo lilipobanduka, au pete ya mpira ya seli inayoachia vitu vyake kidogo kidogo. Dalili zilizo hapa chini ndizo zinazoripotiwa sana. Chini ya kila moja, kisababishi cha kwanza ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usio na gharama unatangulia.

Mtambo ninaouzungumzia ni ule wa kawaida: fuwele ya zinki selenaidi au gerimani, juu yake tabaka jembamba la unga wa kichocheo (tuseme platinamu juu ya alumina), kisha seli inayopitisha maji au kiyeyushi kwa pampu. Mwali wa infraredi huakisiwa ndani ya fuwele na kuchungulia nje kidogo tu. Ukiingia kwa nyuzi 45, na juu ya fuwele pana maji, kina cha kuchungulia kwenye 1640 cm⁻¹ (namba ya wimbi, yaani mahali kwenye spektra) ni karibu mikromita 0.9 kwa zinki selenaidi na karibu 0.4 kwa gerimani. Tabaka lenyewe huwa na unene wa mikromita kadhaa. Kwa hiyo unachokiona ni sakafu ya tabaka, sehemu inayogusa fuwele, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kimiminika kipya huifikia mwisho. Karibu kila tatizo lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Kabla ya kugusa chochote

Usipitishe asidi kali juu ya zinki selenaidi. Fuwele hiyo inavumilia pH ya 5 hadi 9 hivi. Asidi kali huila na kutoa haidrojeni selenaidi, gesi yenye sumu kali. Ukihitaji asidi, tumia gerimani au almasi. Kaboni monoksaidi (CO), inayotumika kuchunguza uso wa metali, haina rangi wala harufu, hivyo bila king'ora chake na bila chemba ya kuvutia hewa chafu, kazi isianze. Kamwe usipitishe CO juu ya kichocheo cha nikeli kwa sababu tu umezoea kufanya hivyo kwa platinamu: nikeli na CO hutengeneza nikeli kabonili hata kwenye joto la kawaida, na mvuke wake ni miongoni mwa sumu hatari kuliko zote za maabara. Kazi ya namna hiyo ni ya watu waliofunzwa mahsusi na wenye vifaa vyake.

Dalili: nguvu ya mwali imeshuka, spektra imejaa kelele

Anza kwa kutoa kifaa cha ATR na kupima mwali mtupu. Nguvu ikiwa ya kawaida, tatizo liko kwenye fuwele, seli au mpangilio wa vioo. Ikiwa bado ni ndogo, tatizo liko kwenye mashine au kigunduzi, na hakuna faida ya kuendelea kusafisha fuwele.

Kisababishi kinachoongoza ni kigunduzi cha MCT (kigunduzi cha infraredi cha zebaki, kadimiamu na teluriamu) ambacho hakijapoa vya kutosha. Kinafanya kazi kwenye joto la naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baada ya kujaza, kiache kitulie. Ukianza kupima mapema, mstari wa msingi utasogea kwa muda mrefu na utadhani ni kemia. Kinachofuata ni kifaa kuwa kimesogea kidogo kilipofunguliwa. Kirekebishe ukiangalia intaferogramu (ishara ghafi ya mashine kabla haijageuzwa kuwa spektra), na andika daftarini nguvu unayoipata fuwele ikiwa safi na kavu. Bila namba hiyo huna cha kulinganisha nayo. Mikwaruzo huja ya tatu: zinki selenaidi ni laini na huchubuka hata kwa karatasi ya kufutia, basi tumia pamba laini na kiyeyushi, bila kusugua. Fuwele ya gerimani ina yake: ikipashwa joto huanza kuzuia mwali. Nguvu ikishuka kadiri seli inavyopata joto na kurudi inapopoa, fuwele haijaharibika, umechagua fuwele isiyofaa kwa joto hilo.

Nguvu kubwa mno nayo ina madhara, na hili watu hawalitazami. Kigunduzi cha MCT kikizidiwa hupoteza ulingano kati ya mwanga na ishara. Tazama spektra ya mwali mmoja (ile ambayo bado haijalinganishwa na rejea) chini ya kikomo cha kigunduzi, mahali ambapo hakipaswi kuona chochote. Ukikuta hapo nguvu isiyo sifuri, punguza mwali kwa wavu au tundu dogo, la sivyo urefu wa vilele vyako hautalingana na kiasi cha kitu kilichopo.

Simama hapa: naitrojeni ikiisha kwa saa moja au mbili badala ya kudumu siku nzima ya kazi, au chombo cha kigunduzi kikitoa umande na barafu kwa nje, ombwe lake limepotea. Fundi wa mashine ndiye mwenye kulirudisha. Ombwe linapovuja pia huingiza unyevu unaoganda juu ya kigunduzi, na barafu hiyo huleta mvimbo mpana kuzunguka 3200 cm⁻¹, mahali pabaya kabisa kwa mtu anayechunguza maji. Usifungue kasha la leza wala la umeme. Na naitrojeni kimiminika isimwagwe kwenye chumba kidogo kilichofungwa, maana hufukuza oksijeni bila kutoa onyo lolote.

Dalili: vistari vyembamba vingi kati ya 1400 na 1900, na tena kati ya 3600 na 3900

Huo ni mvuke wa maji kwenye njia ya mwali. Hewa kavu au naitrojeni inayopulizwa ndani ya mashine haijatosha, au mfuniko ulifunguliwa kati ya spektra ya rejea (inayopimwa kwanza ili kulinganisha) na ya sampuli. Funga, subiri nusu saa, chukua rejea upya. Umeme ukikatika na kompresa ya hewa kavu ikasimama, rejea ya asubuhi haifai tena.

Jozi ya mivimbo inayozunguka 2349 cm⁻¹ ni kaboni dayoksaidi ya hewani, pamoja na pumzi yako. Lakini usiifute kwa programu bila kutazama. Kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini huonekana kama kilele kimoja chembamba kwenye 2343, bila kugawanyika. Unapochunguza uoksidishaji wa CO juu ya platinamu, kilele hicho ndicho zao lako. Kukiwa na jozi, laumu hewa. Kukiwa na kilele kimoja kinachokua pamoja na kupungua kwa CO ya usoni, hiyo ni kemia.

Dalili: mara tu mmenyuko unapoanza, maji yanapanda au kushuka kwenye 1640 na 3300

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa makala nyingi zenye tafsiri mbovu. Maji hufyonza infraredi kwa nguvu sana kwenye 1640 (mtetemo wa molekuli kujipinda, au mpindo) na kwenye eneo pana la 3000 hadi 3700. Badiliko dogo la kiasi cha maji karibu na fuwele humeza ishara ya tabaka moja la molekuli zilizonata usoni.

Kisababishi cha kwanza ni viputo. Vinatambulika kwa tabia yake: vilele vyote viwili vya maji vinashuka kwa pamoja, ghafla, kisha vinarudi baada ya muda au unapogonga seli kidogo. Chanzo huwa ni chupa ya baridi inayolisha seli ya moto. Gesi iliyoshiba kwenye maji ya nyuzi 20 haina nafasi yote kwenye maji ya nyuzi 50. Pampu iliyowekwa baada ya seli nayo huvuta kimiminika, shinikizo linashuka na gesi inatoka. Weka chupa kwenye joto la seli au juu yake kidogo, na ongeza shinikizo la seli kwa kuinua mdomo wa bomba la kutokea. Kuuinua sentimita 50 juu ya seli huongeza karibu kilopaskali 5, na mara nyingi hizo zinatosha. Isipotosha, weka vali ya kushikilia shinikizo kwenye njia ya kutokea.

Cha pili ni tabaka kubanduka. Hapa maji yanapanda polepole, hayarudi, na wakati huohuo vilele vya kichocheo chenyewe (mvimbo wa alumina chini ya 1000 cm⁻¹ kama fuwele yako inaruhusu kufika huko, au CO juu ya metali) vinapungua. Simamisha pampu, tazama kwa macho maji yaliyotoka: yakiwa na ukungu au vumbi jeusi, jibu unalo. Tiba iko kwenye utengenezaji wa tabaka. Saga unga uwe laini iwezekanavyo, utawanye kwenye maji au ethanoli kwa mawimbi ya sauti, mwaga tone kwa tone, kisha ukaushe taratibu usiku kucha. Ukikausha haraka kwa joto, tabaka hupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Baada ya hapo pitisha maji kwa kasi ndogo kwa muda ili chembe zisizoshika ziondoke kabla hujaanza kupima. Jaribu la kulipa tabaka unene zaidi ili ishara ikue halisaidii: sehemu iliyo juu ya mikromita moja au mbili haionekani, ila inazuia kimiminika kufika chini.

Cha tatu ni badiliko la kimiminika chenyewe. Ukibadilisha maji safi kwa myeyusho wenye chumvi au alkoholi, kipeo cha mpindo wa mwanga (kiasi ambacho kimiminika hupinda mwanga) hubadilika, kina cha kuchungulia nacho hubadilika, na kiasi cha maji kinaonekana kubadilika ingawa hakuna kilichotokea usoni. Dawa yake ni jaribio la fuwele tupu: myeyusho uleule, mtiririko uleule, bila kichocheo. Kisha rudia na alumina isiyo na metali. Majaribio haya mawili yanachosha, na ndiyo maana huachwa, lakini bila hayo sijui mtu anatoaje kwa uhakika mchango wa kimiminika kutoka spektra yake.

Hayo yote yakishindikana, tumia maji mazito. Mpindo wa D₂O uko karibu na 1206 cm⁻¹, hivyo dirisha la 1640, ambako viambata vingi vyenye kaboni na oksijeni huonekana, linafunguka. Kumbuka tu kwamba maji ya kawaida yanayochanganyika nayo hutengeneza HDO yenye mpindo karibu na 1450, na unyevu wa hewa unatosha kulileta hilo. Kiwango cha mmenyuko kinaweza pia kubadilika kama kifungo kinachoshika atomi ya haidrojeni kinavunjika kwenye hatua iliyo ya polepole kuliko zote.

Dalili: mstari wa msingi unapanda au kuinama wakati wa kupitisha haidrojeni

Kwanza joto: seli ambayo bado inapata moto huinamisha mstari. Subiri itulie, pima tena. Ikiwa joto limetulia na kichocheo chako kimebebwa na titani dayoksaidi, huenda unaona jambo la kweli. Haidrojeni inayogawanyika juu ya platinamu huwapa titani dayoksaidi elektroni, na elektroni hizo hufyonza eneo pana, zaidi kuelekea namba ndogo za wimbi. Pitisha maji yenye oksijeni: mstari ukirudi chini, ni elektroni. Usirekebishe mstari wa namna hiyo kwa programu ukaitupa taarifa.

Dalili: CO haionekani juu ya metali, au inaonekana kwa umbo la ajabu

CO iliyonata wima juu ya platinamu ndani ya maji hutokea takriban 2040 hadi 2080 cm⁻¹, na iliyonata kama daraja kati ya atomi mbili hukaa karibu na 1800 hadi 1850. Juu ya paladiamu, madaraja ndiyo yanayotawala. Usilinganishe moja kwa moja na thamani za vitabu zilizopimwa kwenye gesi. Maji husogeza kilele chini.

Isipoonekana, wa kushukiwa kwanza ni oksijeni. Maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 25 yana karibu milimola 0.26 za O₂ kwa lita, na maji yaliyoshiba CO kwa angahewa moja yana kama milimola 1 tu. Kila molekuli ya oksijeni huweza kuteketeza CO mbili. Metali ni kichocheo, nayo haijali kwamba ulikuwa unajiandaa tu. Puliza argoni ndani ya chupa, na badilisha mirija ya silikoni: oksijeni hupenya ukuta wake kwa urahisi. Chuma cha pua au PEEK (plastiki ngumu) ni bora.

Pili ni kukosa subira, na hapa hesabu fupi inasaidia. Chukua miligramu 5 za kichocheo chenye platinamu asilimia 5. Hizo ni mikromoli 1.3 za platinamu. Nusu yake ikiwa usoni, unahitaji karibu mikromoli 0.6 za CO kulijaza. Mtiririko wa mililita 0.5 kwa dakika huleta mikromoli 0.5 kila dakika, basi dakika moja na nusu hivi inatosha kama yote inanata. Ukishusha mtiririko hadi 0.05, ni zaidi ya dakika 12, na sakafu ya tabaka, ile unayoiona, ndiyo itakayojaa mwisho. Waliosubiri dakika tano na kuandika kwamba metali haishiki CO ni wengi.

Tatu, metali haijaondolewa oksaidi. Pitisha maji yaliyoshiba haidrojeni kwanza, kisha yenye argoni, ndipo CO.

Kilele kikionekana lakini kina umbo la herufi S, nusu juu nusu chini, mara nyingi metali imeungana kuwa utando au chembe zake zimeshikana, na mwanga unapinda kwa namna isiyo ya kawaida. Jaribu gerimani yenye kipeo kikubwa cha mpindo, au punguza kiasi cha metali. Usiusome upande wa chini wa umbo hilo kama kitu kinachoondoka.

Simama hapa: king'ora cha CO kikilia, kichwa kikiuma au mtu akijisikia kizunguzungu, tokeni wote nje kwanza, mwite msimamizi wa usalama, na valvu ifungwe na mwenye vifaa vya kupumulia. Na paladiamu juu ya kaboni iliyokwisha kula haidrojeni isikaushwe hewani karibu na methanoli au kiyeyushi kingine chenye mvuke, huwaka yenyewe. Iache ikiwa imelowa maji.

Dalili: vilele visivyo na mwenyewe

Jozi ya 2920 na 2850 ni minyororo ya haidrokaboni: mafuta ya vidole, mabaki ya kiyeyushi, sabuni. Kilele kikali kwenye 1260 kikiandamana na vingine kati ya 1000 na 1100 na karibu na 800 ni grisi ya silikoni, au pete ya mpira iliyovimba kwenye kiyeyushi. Toa pete, ilaze usiku ndani ya kiyeyushi hicho, pima kiyeyushi asubuhi. Alumina nayo hunasa kaboni dayoksaidi ya hewani na kutengeneza kabonati kati ya 1230 na 1650. Zitakuwepo hata kabla hujawasha pampu.

Dalili: kilele kipo, kinapendeza, lakini hakibadiliki mmenyuko ukiendelea

Huenda umemkuta mtazamaji: molekuli iliyonata usoni na isiyoshiriki. Uoksidishaji wa alkoholi ya benzili juu ya paladiamu ni mfano mzuri. Benzaldehaidi inayozalishwa huvunjika kiasi na kuacha CO juu ya metali. Kilele cha CO kinakuwa kikubwa, na mtu anaandika kwamba CO ni hatua ya kati, wakati inaziba nafasi tu hadi oksijeni iisafishe.

Badala ya kukisia, badilisha kitu kimoja kwa mzunguko: dakika kadhaa na oksijeni, dakika kadhaa bila oksijeni, mara nyingi, kisha changanua kwa awamu (yaani kwa kutazama kila kilele kinavyoufuata mzunguko huo) kama watafiti Baurecht na Fringeli walivyoonyesha mwaka 2001. Kisichofuata mzunguko kinatoweka kwenye spektra, na kinachofuata kwa kuchelewa kinaonyesha kuchelewa kwake. Mzunguko uwe mrefu kuliko muda wa seli kubadilisha kimiminika. Seli ya mililita 0.2 kwa mtiririko wa 0.5 kwa dakika hubadilisha ujazo mmoja kwa sekunde 24, na kama kimiminika kinachanganyika vizuri huhitaji ujazo wa mara tatu ili asilimia 95 iwe mpya. Mzunguko wa dakika moja hapo unapima seli, haupimi kichocheo. Tupa mizunguko michache ya mwanzo kabla mfumo haujatulia.

Kama unashuku kilele fulani ni CO, tumia ¹³CO: kitasogea chini kwa karibu 46 cm⁻¹. Kisiposogea, hakitokani na CO unayoipitisha. Na fanya mzunguko huohuo juu ya alumina tupu, kwa sababu viputo na kipeo cha mpindo navyo hufuata mzunguko kwa uaminifu uleule wa molekuli za usoni.